Mafiga Juu ya Pevingi

"Bibi, wewe ungependa uwanja uwekwe nini?"

Hafidha aliuliza swali hilo akiwa na miaka kumi, amesimama juu ya lundo la kokoto kule Mapinga, mkono mmoja umeshika mkono wa bibi yake na wa pili umeshika andazi. Hakuwa na maana kubwa. Alikuwa mtoto wa kuuliza tu. Asubuhi ile ile alikuwa ameshamuuliza fundi kwa nini saruji inapata joto ikitiwa maji, na dereva wa lori la mchanga kama kuna watu wanaolala ndani ya lori lake. Lakini baba yake, Ashrafu, alikuwa na saa nzima anabishana na fundi Majaliwa kuhusu uwanja wa nyumba mpya, kama upangwe pevingi, vile vitofali vya saruji, sasa hivi au usubiri, na katika saa hiyo nzima maoni yalikuwa yameombwa kwa fundi, kwa mama yake Hafidha, hata kwa jirani aliyekuwa anapita na ndoo yake ya maji. Bibi Mwanvita, ambaye ndiye aliyekuwa anajengewa chumba cha upande wa nyuma, hakuna aliyemuuliza.

Bibi alimtazama mjukuu wake kwa muda, kama mtu aliyeitwa jina ambalo hajaitwa siku nyingi.

"Muulize baba yako, mke mwenzangu," akasema. "Nyumba ni yake."

"Lakini mimi nakuuliza wewe."

"Nimesikia. Kula andazi lako, linaingia mchanga."

Hapo swali likaishia. Lilikaa miaka sita bila jibu, na ili mtu aelewe kwa nini lilikaa muda wote huo, inabidi kwanza aujue uwanja mwingine, ule wa Mlingotini.

Mlingotini ndiko Bibi Mwanvita alikoolewa, akazalia, akafiwa na mumewe, mzee Bwanaheri. Kazi yake ilikuwa kupika kwenye shughuli. Harusi, maulidi, hitima, akika ya mtoto, popote panapotakiwa pilau ya watu mia mbili, watu walimfuata yeye, kutoka Kaole, Kiromo, Zinga, mpaka Bunju. Mara nyingine shughuli ilikuwa mbali lakini chakula kilipikwa uwanjani kwake kikapelekwa kwa gari, kwa sababu alisema anaujua ule mchanga na mchanga unamjua yeye. Alikuwa na sufuria saba. Ile kubwa kupita zote aliiita Mamkwe, kwa sababu ukiikosea heshima mara moja tu, kijiji kizima kitasimuliwa.

Likizo zote za utoto wake Hafidha alizimalizia pale, na kila aliporudi mjini alirudi na harufu ya iliki kwenye nywele. Uwanja ulikuwa mchanga mweupe mtupu, kuanzia barazani mpaka kwenye ua wa makuti. Siku ya shughuli Bibi alichimba vishimo sita kwa mstari, kila kimoja kina cha kiganja, akapanga ndani yake mawe matatu matatu, akayatikisa kwa unyayo jiwe moja baada ya jingine mpaka yakatulia. Mchanga ulilishika figa lisiyumbe. Ulinywa mafuta yakimwagika. Pilau ilipokaribia kuiva, Bibi alipunguza kuni chini akapalia makaa juu ya mfuniko, na shughuli ilipokwisha makaa yalifukiwa pale pale, na wasichana wakasugua masufuria kwa mchanga huo huo na makumbi ya nazi mpaka wakajiona sura zao.

Na kila jioni, shughuli iwepo isiwepo, kabla ya Magharibi, Bibi aliufagia uwanja kwa ufagio wa chelewa. Alianzia kwenye ua akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, asiache hata unyayo wake mwenyewe. Mistari ya ufagio ilibaki imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Asubuhi alitoka na kikombe cha chai ya tangawizi, akausoma. Paka wa jirani amepita hapa. Kuku amerudi kulala amechelewa. Ashrafu alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita aliwahi kutoroka kwenda kwenye ngoma kijiji cha pili, akarudi mapema, akajifunika shuka, akakoroma kwa makusudi. Mama yake alimletea uji kitandani na kumwambia kwa upole, "Kiatu chako cha kushoto kimelika kisigino. Kipeleke kwa fundi." Neno la ziada hakutia. Ashrafu alisimulia kisa hicho kila Idi, na kila alipokisimulia alicheka mpaka akafuta macho.

Baada ya mzee Bwanaheri kufariki, nyumba ilianza kuchoka. Ilikuwa ya boriti, udongo na chokaa, na upande mmoja ulianza kuinama, mwanzo kidogo, halafu si kidogo. Ashrafu ndiye mtoto wa kiume peke yake. Alikuwa mtunza ghala Tegeta, amepanga vyumba viwili na mkewe Zuwena na binti yao, na kwa miaka alikuwa anajinyima mpaka akapata kiwanja Mapinga. Alijenga kwa haraka ya mtu anayeona ukuta wa mama yake unainama.

Ndipo tunarudi kwenye lundo la kokoto.

"Kaka Ashrafu," alikuwa anasema fundi Majaliwa, mtu wa Lugoba, mrefu, mwenye sauti ya taratibu kama anayembembeleza mtoto. "Kifusi hiki kimemwagwa mwezi uliopita. Bado kimevimba. Kipe masika moja kilale, ndipo nikupangie."

"Masika ni mwezi wa tatu. Mimi nahamia mwezi wa kwanza."

"Hamia. Nani kakukataza? Mtakaa na mchanga miezi michache. Mtaona maji yanakimbilia wapi, watu wanapenda kupita wapi. Wateja wangu wanaosubiri huwa hawaniiti mara ya pili."

"Fundi, wewe ndiye wa kwanza namwona anakataa kazi."

"Kazi sikatai. Nakataa kurudi kuing'oa."

Zuwena, aliyekuwa anapima madirisha kwa kanga yake apate kujua pazia za kushona, akasema yeye hana haja ya vumbi kwenye pazia mpya. Ashrafu akaongeza kwamba nyumba isiyo na pevingi watu wa mtaa wanasema imemshinda mwenyewe. Majaliwa akacheka, akasema watu wa mtaa hawalipi fundi. Basi Ashrafu akashusha sauti, akageuza mgongo ili mama yake asisikie, ingawa Hafidha alikuwa ameshashuka, yuko pale ubavuni pake na masikio yake yote mawili.

"Fundi, mama yangu amefagia mchanga miaka hamsini. Mgongo wake umekunjwa na ufagio. Nataka akija hapa asiinamie mchanga tena. Umenielewa?"

Majaliwa akatoa kamba yake mfukoni akaanza kupima.

Pevingi zikapangwa ukuta kwa ukuta, nyekundu na kijivu, mbele, pembeni na nyuma. Ulikuwa uwanja mzuri, hakuna atakayesema uongo. Mwezi wa kwanza Bibi Mwanvita akaja na kirikuu kimebeba kitanda, kabati, masufuria saba na mkoba mweusi wa nguo. Alizunguka nyumba yote, akagusa kuta, akamwombea mwanawe dua ndefu mpaka Zuwena akatoa machozi. "Pazuri, mwanangu," alisema. "Mungu akuzidishie." Ashrafu alitembea siku nzima kama aliyetawazwa. Masufuria yaliingizwa stoo yakafunikwa kifudifudi, Mamkwe chini kabisa kwa sababu haikutoshea pengine.

Kesho yake jioni Hafidha alimkuta bibi yake amesimama nyuma ya nyumba na ufagio wake wa chelewa. Alikuwa ameshafagia. Ilimchukua dakika chache tu. Ufagio juu ya saruji ulikuwa unalia kwaru, kwaru, na majani madogo yalikuwa yamekwama kwenye mianya ya vitofali, hayatoki.

"Bibi, mbona unafagia? Baba kasema usifagie."

"Nanyoosha mkono."

Asubuhi alitoka na chai yake ya tangawizi, akasimama, akatazama chini, akarudi ndani. Siku ya tatu hakutoka. Zuwena alipomuuliza kama amelala vizuri, alisema amelala vizuri sana. "Ila hapa kwenu mtu anaingia na kutoka simjui," akaongeza. "Kuku tu ndiye najua alipopita, na yeye kwa sababu ya uchafu wake." Wakacheka. Mchana pevingi zilipata moto, ikabidi avae kandambili kwenda msalani, yeye aliyekuwa anatembea peku mwaka mzima.

Simu zilikuwa zinakuja. Hafidha ndiye aliyemshikia simu sikioni kwa sababu Bibi alikuwa hapendi kuibonyeza. "Bi Mwanvita, tuna harusi yetu wiki ijayo." "Bi Mwanvita, hitima ya mzee." Kila aliyepiga alipata jibu moja: "Nimepumzika, mwanangu."

"Umepumzika nini, Bibi? Si ulisema utapika mpaka sufuria ziombe radhi?"

"Mafiga nitayapanga wapi, mke mwenzangu? Juu ya kitanda?"

Alianza kwenda Mlingotini Ijumaa na kurudi Jumapili. Halafu akawa anarudi Jumanne. Halafu Hafidha akagundua kitu ambacho watu wazima hawakukiona, kwamba ule mkoba mweusi wa nguo haufunguliwi tena. Ulikaa nyuma ya mlango umefungwa zipu, kama abiria kituoni. Na siku moja, akiwa amemshikia bibi yake simu, alimsikia akizungumza na shangazi Ashura, binti yake wa mwisho, aliyekuwa amechumbiwa na mwalimu wa Kiromo.

"Harusi yako ikipita, mimi narudi kwangu."

Sauti ya shangazi ilisikika ndogo kwenye simu: nyumba ile, mama, itakuangukia.

"Ikiniangukia, imeniangukia ya kwangu."

Hafidha hakumwambia mtu. Alilibeba neno hilo shuleni na nyumbani, na kila mvua ilipopiga bati la Mapinga alikuwa anauwaza ukuta ule wa Mlingotini uliolala, na bibi yake ndani yake.

Mvua zenyewe zilipiga kweli mwaka ule. Masika ilipoisha, kifusi kilikuwa kimelala kama Majaliwa alivyosema kitalala. Pevingi za langoni zilibonyea likabaki dimbwi, na bata wa jirani wakalihamia. Ashrafu alilipita dimbwi lile kila asubuhi akiangalia juu, kama mtu anayekagua hali ya hewa. "Litakauka," alisema. Kumpigia fundi hakumpigia.

Harusi ya Ashura ilipangwa mwezi wa saba, pale pale Mapinga. Ashrafu alitaka kukodi wapishi wa Dar wenye majiko ya gesi na aproni nyeupe. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wasichana wa watu wote nimewapikia," akasema. "Wa kwangu apikiwe na gesi?"

Ikapita hivyo. Ashrafu akaleta vipande vya bati, akavitandaza nyuma ya nyumba ili masizi yasiharibu pevingi, na mawe ya mafiga yakapangwa juu ya bati. Bibi Mwanvita alisukuma jiwe moja kwa unyayo. Likateleza.

"Ashrafu, yakae juu ya hivi vitofali?"

"Mama, vinapitiwa na magari hivi. Vitashindwa na sufuria?"

"Gari halina moto," akasema Bibi, lakini taratibu, na hakurudia. Nyumba ilikuwa ya mwanawe, na yeye safari yake alikuwa ameshaipanga moyoni.

Siku ya harusi Zuwena aliamka mapema, akaosha uwanja mzima kwa mpira wa maji ili wageni wakute unang'aa. Ulikuwa bado umeloa mafigani pale moto ulipowashwa. Wanawake wa Mlingotini walikuwa wamekuja wote, wamejifunga kanga viunoni, wanamenya vitunguu na kumchambua bwana harusi kuanzia miguu. Mmoja akasema kijana ana masikio makubwa. Mwenzake akajibu afadhali, mwalimu lazima asikie wanafunzi wanaonong'ona nyuma. Bibi alikuwa katikati yao, mwiko mkononi, na Hafidha aliona kwamba kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza mgongo wake umenyooka.

Mchele ulikuwa umeshaingia kwenye Mamkwe uliposikika mlio, pa, kama mtu kapasua nazi kwenye jiwe.

"Nani anapasua nazi huku?" akauliza mwanamke mmoja. "Pilau ya nazi hii?"

Ukaja mlio wa pili, na wa tatu ukafuatana nao. Bati likaruka upande mmoja. Kipande cha kitofali kikachomoka chini yake kikagonga beseni la vyombo, na wanawake wakatawanyika na vitunguu vyao. Pevingi zilizoloa zilikuwa zinapasuka kwa moto. Figa moja likateleza, na Mamkwe, na kilo zake zote za mchele na nyama, ikainama taratibu kuelekea ukutani.

Bibi Mwanvita hakukimbia. "Mti," akasema tu, na wanawake waliomjua miaka ishirini hawakuhitaji maelezo. Mti ulipitishwa kwenye mikono ya sufuria, wanne wakaubeba begani, Mamkwe ikanyanyuka ikapumzishwa pembeni. Kanga moja iliungua pindo. Mchuzi kidogo ukamwagika juu ya kitofali chekundu ukakaa pale pale, unang'aa, haunywewi.

Ashrafu alikuja mbio kutoka mbele, amevaa kanzu mpya na kofia ya kukalia mkeka wa ndoa. Akasimama. Aliona vitofali vilivyopasuka, mabati yaliyojikunja, wanawake waliozunguka sufuria, na mama yake. Kila mtu pale alijua hesabu ilivyo. Wageni watatoka msikitini adhuhuri. Mchele ukishanywa maji hausubiri. Ukipoa hapo unakuwa bokoboko, na harusi ya Ashura itasimuliwa kwa bokoboko mpaka wajukuu.

"Nataka mchanga," akasema Bibi.

"Sasa hivi, mama? Niagize lori?"

"Uko chini yako."

Ashrafu alitazama chini, kwenye pevingi zake nyekundu na kijivu alizozinunua kwa miaka ya kujinyima. Halafu akaenda stoo akatoka na mtaimbo. Akakunja kanzu, akaichomeka kiunoni, akaanza.

Kitofali cha kwanza kilikataa. Cha pili kilitoka, na baada ya hapo vikawa vinatoka kama meno ya mtoto. Hafidha na wasichana wenzake walivibeba kuvipanga ukutani. Vingine vilikuwa bado vya moto, wakavishika kwa kanga.

"Nitoe vingapi, mama?"

"Toa. Nitakwambia basi."

Akatoa mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nafasi ya meko mawili ikapatikana. Akang'oa mpaka ikapatikana ya meko sita. Akanyanyua macho. Mama yake alikuwa ameshika kiuno, anaangalia, hajasema basi. Ashrafu akaendelea. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye kofia. Akatoa mstari wa saba, wa nane, nafasi ya kukaa wapishi, nafasi ya mkeka, mpaka akaufikia ukuta wa chumba cha mama yake, chini kabisa ya dirisha. Hapo akasimama, ameshika mtaimbo kwa mikono miwili, na Hafidha akaona baba yake ameelewa kitu, maana uso wake ulikuwa kama ule wa kijana aliyeletewa uji kitandani.

"Mama," akasema, "kwani ulikuwa huvitaki hivi vitofali?"

"Hukuniuliza, mwanangu."

"Nilitaka usifagie."

"Najua. Basi sasa, inatosha. Leta mawe."

Chini ya vitofali palikuwa na mchanga wa kulalia, kiganja kimoja hivi. Bibi alivua kandambili, akachimba, akapanga mawe, akayatikisa kwa unyayo mpaka yakatulia. Mamkwe ikarudishwa motoni. Wageni walikula saa tisa badala ya saa saba, na pilau ilikuwa na moshi kidogo, na waliokula wakaomba kuongezwa. Bwana Qais, mfanyabiashara wa Bagamoyo mjini, ambaye familia yake ilikuwa inapikiwa na Bibi Mwanvita tangu yeye mwenyewe alipooa, alikuja nyuma ya nyumba sahani mkononi.

"Bi Mwanvita, shikamoo. Niliambiwa umepumzika. Huyu aliyepika ni nani basi?"

"Marahaba. Ni mimi. Nimechoka kupumzika."

"Binti yetu Shahad anaolewa mwezi wa nane. Nije nimwombe nani?"

Bibi Mwanvita akamtazama mwanawe, aliyekuwa amekaa juu ya rundo la vitofali, kanzu yake imekuwa rangi ya udongo. Ashrafu alikuwa anakula kwa mkono uliochubuka.

"Mpaka mwezi wa nane nitakuwa nimeleta mchanga wa kule nyumbani," akasema Ashrafu, bila kumtazama mtu. "Huu wa hapa mbaya. Una changarawe."

Aliuleta kweli, kwa kirikuu, safari tatu, kutoka uwanjani Mlingotini. Jumatatu ya pili baada ya harusi Hafidha aliingia chumbani kwa bibi yake akaukuta ule mkoba mweusi umening'inizwa kwenye msumari, mtupu. Majaliwa naye aliitwa, kwa ajili ya bata wa langoni.

"Kaka, nilisema sitaki kurudi kung'oa," akasema akicheka.

"Sasa si umerudi?"

"Nimerudi. Na huku nyuma nirudishie?"

"Huku nyuma zungushia ukingo tu," alisema Ashrafu. "Katikati paache."

Miaka ikaenda. Nyumba ya Mlingotini ilianguka masika ya mwaka uliofuata, Alhamisi mchana, hakuna aliyekuwa ndani. Bibi alikwenda kuiangalia, akarudi na mlango mmoja na kinu. Kule Mapinga, meko sita yalipata weusi wao. Nyuma ya nyumba pakaanza kunukia kuni na iliki, na wasichana wa mtaa ambao mama zao walikuwa wanapikia gesi walikuja kujifunza kupalia makaa. Bibi alizidi kuwa mzee. Mwaka wa nne alianza kupika amekaa kwenye kiti, anaelekeza kwa mwiko. Mwaka wa sita hakubeba kitu tena, alionja tu, na ufagio wa jioni ukawa mikononi mwa Hafidha, ambaye alikuwa kidato cha nne na bado hajajua kurudi kinyumenyume bila kujikwaa.

Mara nyingine Hafidha akifagia alikuwa anaufikiria uwanja ule wa kwanza, na kumbukumbu zake zilianza kumchanganya. Hakuwa na hakika tena kama ua wa makuti ulikuwa upande wa kulia au wa kushoto. Alimuuliza bibi yake, na bibi akamweleza taratibu, kila kitu mahali pake, kisima, mpera, kiti cha mzee Bwanaheri, na akieleza alikuwa anafumba macho.

Mwezi uliopita shangazi Ashura alikuja na mumewe na mtoto wao. Wamefikisha nyumba yao ya Kiromo kwenye bati. Majaliwa alikuwepo, ameitwa kwa ushauri, mvi zimemwingia. Walikaa nyuma, kwenye mikeka. Ashura alikuwa anazungusha simu yenye picha za pevingi za kila namna. Mumewe alitaka zipangwe sasa kabla hawajahamia, wamalize mara moja. Zuwena alisema vumbi. Ashrafu alikohoa, akasema yeye hana la kusema. Majaliwa akasema lile lile la siku zote. Bibi Mwanvita alikuwa kwenye kiti chake, ungo mapajani, anachagua mchele.

"Mama," Ashura akasema, "na wewe unasemaje?"

Bibi alitoa kijiwe kimoja kwenye ungo, akakitupa.

"Huyu aliniuliza zamani," akasema, akimwonyesha Hafidha kwa kidevu. "Alikuwa na andazi mkononi. Sikumjibu. Siku ile ningejibu, ningesema nataka mchanga wa Mlingotini na ua wa makuti na kisima, yote yaje hapa, na ningekuwa namtafuta Bwanaheri tu. Fundi angeujengea wapi uwanja huo?"

Majaliwa akacheka kidogo, akaacha.

"Sasa nakujibu, mke mwenzangu, na wenzio wasikie. Ningependa kwanza usiwekwe kitu. Kaeni masika moja. Mkishajua maji yanasimama wapi, nguo zinakauka wapi, mtoto anapenda kuchezea wapi, na mzee wenu akija anapeleka kiti chake upande gani, ndipo mumwite Majaliwa."